Pasaka ya Matema: kikoba kilivyotaka kuvunjika kwa sababu ya 210,000

Kuna kikoba cha wamama pale Uyole, Mbeya, ambacho karibu kivunjike baada ya Pasaka sababu ya safari ya Matema, ufukweni Ziwa Nyasa. Hela yenyewe iliyoleta ugomvi ni 210,000, ukigawa kwa watu 14 waliosafiri ni 15,000 kwa kichwa, hela ambayo wengine wao wanaitoa kwenye mchango wa harusi bila hata kuuliza bwana harusi ni nani. Lakini mweka hazina kaitwa mwizi mbele za watu, mume wake kapigiwa simu kazini, na wanachama wawili wakaomba hisa zao watoke. Mwenyekiti ni mama yangu mdogo na mimi kazi yangu ni kuandikia watu mahesabu ya maduka pale Mwanjelwa, ndo nikaitwa nikakae nao na kaunta buku yao niwaambie hela imeenda wapi. Wamenikubalia nikielezee kisa ila bila majina, sawa, majina hayana kazi hapa.

Nianze na mpango maana matatizo yote yalikuwa mle ndani kabla gari haijawashwa.

Ijumaa Kuu kila mtu kanisani kwake. Jumamosi saa 12 asubuhi wakutane Uyole, wapande haisi ya kukodi, siku hiyo hiyo wapite Ziwa Ngosi, wapite Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira, ikiwezekana na Ziwa Kisiba kule Masoko wakasikie zile stori za hela za Wajerumani zinazosemwa zilitupwa ziwani, halafu jioni wawe Matema wanakula samaki mbasa wa kubanika. Jumapili wasali na washinde ufukweni, Jumatatu warudi. Ukiangalia ramani kwenye simu unaona mbona rahisi tu, ni njia moja, Uyole, Isongole, Kiwira, Tukuyu, Kikusya, Ipinda, Matema, kama kilomita 150 hivi na lami imefika mpaka kule ziwani. Kwa haisi isiyosimama simama ni masaa matatu na nusu, sana sana manne. Kwa hiyo mtu akikuambia Ngosi iko njiani unamuelewa kabisa, kibao chenyewe unakiona ukiwa ndani ya gari.

Sasa hapo ndo mtego ulipo. Ngosi haiko njiani, kibao ndo kiko njiani. Lile ziwa liko ndani ya kreta, ukingo wake uko zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, unaacha lami Isongole unaingia barabara ya vumbi (ambayo Aprili siyo vumbi), halafu unapanda kwa mguu ndani ya msitu wenye mianzi, saa nzima na zaidi kwa mtu mwenye pumzi zake, na ukifika juu bado ziwa liko chini kabisa unalichungulia kama uko ghorofani. Na hapo kuna wamama wa miaka 60 na kitu, kuna watoto, na kuna mmoja kaja na sendo za kanisani sababu alijua ni "kupita".

Jambo lingine ni mvua. Pasaka kila mwaka inaangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, hakuna Pasaka itakayokuja kukuangukia Septemba, na Machi na Aprili kwa Rungwe na Kyela ndo mvua yenyewe haswa. Hizi wilaya mbili ni kati ya sehemu zinazonyeshewa kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ndo maana Tukuyu chai na ndizi hazikauki na Kyela wana mpunga na kokoa. Watu wa Mbeya wanalijua hili vizuri sana, yaani ukiwauliza bei ya viazi mwezi wa nne watakuambia na sababu ya barabara ya shambani, ila wakipanga safari yao wenyewe wanapanga kama vile wao wana mvua yao ya tofauti.

Tuje kwenye bajeti. Kila mtu alitoa 120,000, watu 14, jumla 1,680,000. Mgawanyo uliandikwa vizuri kabisa, tena kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista: haisi 150,000 kwa siku kwa siku tatu ni 450,000, mafuta 150,000, vyumba 7 vya 40,000 kwa usiku mbili ni 560,000, chakula 300,000, viingilio na waongozaji 100,000, inabaki 120,000 ya dharura. Mi nimeona bajeti za kampuni zimeandikwa vibaya kuliko hii. Loji wakatumiwa advansi ya nusu, 280,000, kwa simu, kijana wa mapokezi akajibu "imeingia mama, karibuni sana" na biashara ikaisha hapo. Hakuna aliyeuliza mnafika saa ngapi, hakuna aliyesema tunafika saa ngapi.

Jumamosi ikaenda hivi, nimeipata kwa dereva maana yeye ndo alikuwa anaangalia saa.

Badala ya saa 12 wakaondoka Uyole saa 2 na nusu. Walikuwa wanamsubiri mmoja ambaye alikuwa anamalizia maandazi ya safari, na kusema ukweli maandazi yalikuwa ya lazima, sina neno hapo. Isongole wakafika saa 3 na dakika, dereva akasema wazi, "Wamama, mi naona tushuke moja kwa moja ziwani, huku juu tutapita Jumatatu au siku nyingine." Mama mdogo akamjibu, "Baba wewe endesha, tumeshapanga." Wakaingia. Kama kilomita mbili tu ndani haisi ikazama matope, vijana wa pale wakaja na majembe na majani, wakasukuma, wakalipwa 30,000. Kwenye kaunta buku imeandikwa "vijana matope 30,000", mstari mmoja tu, na ukiusoma huo mstari unaona kabisa mtu aliyeandika alikuwa anajua kuna siku ataulizwa.

Wameanza kupanda saa 5. Wamefika juu saa 7 kasoro, wale waliofika, wengine walikaa katikati kwenye gogo wakala maandazi. Na juu ukungu mtupu. Ziwa halionekani, kuta za kreta hazionekani, mti wa hatua kumi ndo unaouona. Mweka hazina anasema wakakaa wakisubiri ukungu ufunguke, kila ukifunguka kidogo anatoa simu anapiga picha, akapiga picha za ukungu mpaka simu ikafika asilimia nne. Hii simu ndo ile ile iliyofanya buking ya loji. Ishike hiyo.

Saa 9 wako chini. Saa 10 Kiwira wanakula chipsi na ndizi za kuchoma. Saa 11 Daraja la Mungu, ambalo kwa kweli wote wamelisifia, ule mwamba wa lava uliokaa juu ya mto Kiwira kama mtu kaujenga na maji yanapita chini kwa kelele, hapo walipiga picha na simu za watu wengine. Kijungu na Masoko wakaacha, giza linaingia. Tukuyu wakaipita kwenye mvua ya kumwaga, mlima Rungwe hata hawakuuona, dereva akashuka ile miteremko ya kwenda Kyela taratibu na wamama wakiimba mapambio nyuma, sijui kwa furaha au kwa woga. Kikusya, kulia kushoto sijui wapi, Ipinda, wakatua Matema saa 3 kasoro usiku, majaketi yao ya Mbeya mwilini na joto la ziwani ambalo hata usiku linakutoa jasho, sababu umeshuka kutoka mita 2,500 na kitu mpaka chini ya 500 kwa siku moja.

Loji wakakuta vyumba vitatu. Vinne vimeshatolewa.

Hapa ndo kila mtu aliyesimulia kisa hiki anaanza kupandisha sauti, kwa hiyo nilimpigia yule kijana wa mapokezi mwenyewe nikamsikiliza kwanza. Anasema wao advansi inashikilia chumba mpaka saa 10 jioni, baada ya hapo wanapiga simu. Alipiga saa 10, haipatikani. Alipiga saa 11, haipatikani. Saa 11 na nusu ikaja familia ya watu wa Tunduma na hela mkononi ya usiku mbili, na hiyo ni Pasaka, Matema inajaa watu wa Kyela, wa Tukuyu, wa Mbeya, akawapa vinne akaacha vitatu "kwa heshima". Nikamuuliza hiyo sheria ya saa 10 mliwaambia wapi? Akasema ipo ukutani. Ukutani kwenye loji, Matema, kilomita 150 kutoka kwa mtu aliyelipa. Na namba ya pili ya mawasiliano hakuomba. Mimi hapo namuweka kwenye makosa bila kumung'unya, ukipokea nusu ya hela ya mtu kwa simu basi na masharti mtumie kwa simu hiyo hiyo, meseji moja tu. Lakini pia huwezi kumwambia kijana wa watu alale na vyumba vinne vitupu usiku wa Pasaka kwa ajili ya wageni ambao hawajulikani kama wako Tukuyu au wameghairi.

Wakatafuta gesti nyingine usiku ule, vyumba vinne vya 60,000 sababu sikukuu, na wale wa Tunduma walishalipa mpaka Jumatatu kwa hiyo ni usiku mbili. Piga hesabu: vyumba vinne mara 60,000 mara mbili ni 480,000. Loji ya kwanza wametumia vyumba vitatu usiku mbili, 240,000, ila walishalipa 280,000, kwa hiyo loji inadaiwa 40,000. Malazi yote yamekula 760,000 badala ya 560,000. Laki mbili zimetoka hapo.

Kuna kitu kingine kilichokufa Jumamosi na wengi kwenye kikao hawakukitaja, ni soko la Lyulilo. Mwanachama mmoja, nimwite mama wa vyungu, yeye safari hii alikuwa anaifanya kwa sababu moja tu. Vyungu vya Wakisi vinauzwa Lyulilo, pale pale jirani na Matema, na siku yake ni Jumamosi. Wamama wa Kisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya chini ya milima ya Livingstone, wachuuzi wanakuja wanapakia matengani, vinapanda mpaka Mbeya na kwingineko. Jioni soko limeshatawanyika. Yeye alishachukua oda za watu, na alisema kwenye grupu la WhatsApp mara mbili, nimeziona meseji zenyewe, "jamani soko ni Jumamosi tu". Ya kwanza ilijibiwa na emoji ya kucheka. Ya pili ilifuatiwa na mjadala wa sare za vitenge.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada akasema yeye anaenda Ikombe kuvifuata huko huko. Ikombe gari haifiki, ni kwa mguu kando ya ziwa au kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi wa injini akasema 60,000 kwenda na kurudi. Wenzake wanane wakaona si haba wacha twende tukatembee, wakapanda, mweka hazina akalipa kutoka kwenye hela ya safari. Hakuna aliyepiga kura, kila mtu alikuwa kwenye kanga na maji.

Na kila niliyemuuliza katika hao wanane anasema ile ndo ilikuwa safari. Asubuhi ya kawaida bila upepo, maana mwera mkali unakuja baadaye kuanzia Mei, ziwa limetulia unaona mawe chini na samaki wadogo wa rangi rangi, upande wa kushoto mlima unapanda tu kutoka majini hakuna hata sehemu ya kupumzikia, na kule mbele majumba ya Ikombe. Bibi mmoja akawatolea vyungu kutoka ndani, kimoja kimoja, anakigonga na kifundo cha kidole wasikie kinavyolia kwanza, kikilia vibaya anakirudisha ndani mwenyewe bila kusema kitu. Vyekundu kwa nje, vimesuguliwa mpaka vinang'aa, shingoni vina michoro myeupe. Mama wa vyungu alikaa chini akawa anagonga na yeye, akisikiliza, na mwenzake mmoja anasema alivyokuwa anamwangalia pale ndo akaelewa kwamba huyu alikuwa kazini na sisi ndo tulikuwa tunatembea. Walipovipanga kwenye tenga na majani makavu katikati, bibi akaambiwa "ndaga fijo mama", yaani asante sana, na mmoja Mnyakyusa, akacheka, yeye Mkisi lakini kaelewa. (Jaketi okozi zilikuwa nne kwa watu tisa na muendesha mtumbwi. Hili ziwa lina kina cha karibu mita 700. Nimewaambia na hapa naandika tena, msipande. Na walioogelea wakapime kichocho, Ziwa Nyasa kipo, dawa ni vidonge tu ila usiposema hospitali kwamba uliogelea huko watakutibu malaria mpaka uchoke.)

Basi, mafuta yakaongezeka 40,000 sababu ya kuzunguka kutafuta gesti usiku, kwenda Ipinda kutafuta chakula, kuwachukua watu wa gesti kuwaleta loji na kuwarudisha. Jumlisha: malazi 200,000, matope 30,000, mafuta 40,000, mtumbwi 60,000. Ziada ni 330,000. Toa dharura 120,000. Inabaki pengo la 210,000, ndo ile hela.

Mweka hazina aliitoa wapi? Aliitoa kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, ule wa misiba na wagonjwa, ambao ulikuwa kwenye laini yake ile ile. Jumapili jioni mwenye gesti anataka hela ya usiku wa pili, mama watu kwenye simu anaona salio, hajauliza mtu, kalipa. Aliandika siku hiyo hiyo, tarehe ipo, kiasi kipo, na pembeni "kurudisha". Halafu kwenye kikao cha Jumatano akaanza na kusoma salio la mfuko wa jamii kabla hajasoma matumizi ya safari. Yaani watu wakasikia kwanza mfuko umepungua 210,000, maelezo yakaja baada ya kelele, na baada ya kelele hakuna maelezo yanayosikika. Angesoma kwa kufuata siku zilivyoenda, Jumamosi mpaka Jumatatu, nadhani nusu ya ugomvi usingekuwepo.

Hajaiba. Nimepitia risiti, meseji za miamala, nimempigia mwenye gesti, nimempigia mwenye mtumbwi, kila shilingi imelala mahali inaposemwa. Kosa lake ni kuweka hela ya watu na hela ya matembezi kwenye laini moja, na kosa hilo siyo lake peke yake maana kikoba kizima kilikuwa kinajua na katiba yao inasema mfuko wa jamii unatoka kwa sahihi tatu. Sahihi tatu kwenye karatasi wakati hela iko kwenye simu ya mtu mmoja, hapo mnategemea nini.

Ila ukiniuliza chanzo, mimi nasema chanzo ni Jumamosi asubuhi pale Isongole. Angalia orodha yao ya vitu vya kuona na kufanya utaona ziko aina mbili. Kuna vitu vyenye saa yake: soko la Lyulilo ni Jumamosi mchana, chumba cha Pasaka kina mwisho wa kushikiliwa, ibada ya Pasaka ni Jumapili. Hivi vyote vipo Matema. Halafu kuna vitu visivyo na saa: Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, Kisiba. Vimekaa hapo tangu volkano, Jumatatu utavikuta, mwezi ujao utavikuta. Na Ngosi hasa, kutoka Uyole mpaka Isongole haizidi saa moja, ni sehemu ambayo wamama hawa wanaweza kwenda Jumamosi yoyote ya Septemba kukiwa kukavu, wakaona ziwa zima na wakarudi nyumbani kupika cha usiku. Wao wakachukua siku pekee ya kitu kilicho mbali na chenye saa, wakaipa kitu cha jirani kisicho na saa, tena kwa sababu tu kinatangulia kwenye ramani.

Tuseme wangemsikiliza dereva. Hata na ule uchelewaji wa maandazi, wameondoka saa 2 na nusu, wanaingia Matema saa 6 na nusu mchana, soko bado lipo, mama wa vyungu anachagua kwenye vyungu vya vijiji vyote siyo vya bibi mmoja, vyumba saba vyote vyao, hakuna gesti ya 480,000, hakuna matope, mafuta kidogo. Jumatatu wanaondoka saa 2 asubuhi, saa 5 na nusu wako Daraja la Mungu, saa 9 Uyole. Dharura inarudi na 120,000 yake nzima. Mtumbwi wa Ikombe wangeukosa labda, na hiyo kweli ingekuwa hasara, sijui nifanyeje na hilo, naliacha kama lilivyo.

Mama mdogo hili halipendi. Anasema uongozi ni kufuata kilichopangwa, ukianza kubadilisha barabarani kila mtu atataka lake. Ana hoja, nimemwona akiendesha vikao vya watu thelathini vikaisha kwa wakati. Lakini pale aliyeomba mabadiliko ni mtu pekee kwenye gari aliyewahi kufika sehemu zote zile mwezi wa nne, na alikatazwa kwa sababu siyo mwanachama. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, baada ya shikamoo mbili. Akanyamaza akamimina chai.

Kwenye kulipa tulikubaliana hivi. Mtumbwi unalipwa na walioupanda, mama wa vyungu 20,000 sababu yeye alikuwa na biashara, wale wanane 5,000 kila mmoja, 60,000 imetimia. Kuna mmoja alitaka mama wa vyungu alipe yote, nikamuuliza wewe ulipanda? Akasema alipanda. Basi. Iliyobaki ni 150,000, inagawanywa kwa wote 14, inakuja 10,700 na kidogo, tukazungusha 11,000, inayozidi inaingia mfuko wa jamii. Wasio na watoto walitaka wenye watoto wa kupakatwa waongezewe mzigo, mjadala ukachukua karibu saa nzima, ukafa wenyewe pale mmoja alipokumbusha kwamba maandazi ya safari aliyatoa mwenye watoto watatu, bure. 40,000 ya loji ikirudi inaenda mfuko wa jamii moja kwa moja, haigawanywi.

Mweka hazina ameendelea na kazi, ila mfuko wa jamii sasa uko benki kwenye akaunti ya watu watatu, na hela ya matembezi ina laini yake. Kati ya wale wawili waliotaka kutoka mmoja amebaki, mwingine anasubiri mzunguko uishe achukue hisa zake, na hiyo ni haki yake, alikuwa na mambo yake na mweka hazina hata kabla ya Matema. Aliyempigia simu mume wa mwenzie kaombwa akaombe radhi nyumbani kwao, mpaka naandika hajaenda. Loji wamerudisha 38,500, wanasema 1,500 ni makato ya kutuma, na kwenye grupu sasa hivi wanabishana kama hayo makato ni halali.